Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Jarida Zima na Wiki Yake

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, naleta mbele yenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaokwisha. Hesabu zimekaguliwa na mhazini atazisoma mwenyewe. Orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko mengine yote: majarida ya zamani ya habari yanayotafutwa kwa ajili ya zawadi na kumbukumbu.

Maombi mengi yaliyofika kwenye kamati ya ushauri yalifanana. Mtu anataka kumpa mzazi, mwenzi au rafiki jarida la wiki aliyozaliwa, au la wiki ya harusi yake. Ombi ni zuri, ila lina mtego. Tarehe iliyochapwa kwenye jalada si tarehe ya habari zilizomo ndani. Majarida ya kila wiki kwa kawaida yalianza kuuzwa kabla ya tarehe ya jalada, na kurasa zake zilikwenda mitamboni mapema zaidi. Kwa hiyo toleo lenye tarehe ya kuzaliwa mtu husimulia dunia ilivyokuwa kabla hajazaliwa. Yaliyotokea siku yenyewe yamo katika toleo linalofuata, pengine hata la baada ya hilo. Binadamu walitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Katika Time, jarida la habari la Marekani, habari hiyo imo kwenye toleo la 25 Julai, na Life, jarida la picha la huko huko, ikatoa toleo maalumu mwezi Agosti. Sasa kamati humuuliza kila mwombaji kwanza: unatafuta tarehe, au unatafuta habari? Wengi wakishaelewa huchukua matoleo yote mawili, nami nadhani wanafanya vyema.

Ipo pia raha ya kuweka pamoja majarida mawili ya wiki moja. Rais John F. Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963. Life na Time zote zina toleo la 29 Novemba, na zote zilikuwa za kampuni moja. Life ilimweka Kennedy kwenye jalada, na ndani ikachapa picha kutoka filamu ya Abraham Zapruder, raia aliyenasa mauaji hayo kwa kamera yake, nyeusi na nyeupe. Time ilimweka Lyndon Johnson, aliyeshika madaraka. Mwenye nakala moja ana habari. Mwenye zote mbili anawaona wahariri wakiamua, msiba ukiwa bado mbichi.

Suala lililozua mjadala mkali ni la kukata kurasa. Baadhi yetu walipendekeza nakala zilizochakaa zikatwe, majalada na matangazo ya biashara yawekwe kwenye fremu, mapato yaingie kwenye mfuko wa chama. Kamati ilikataa, na natetea uamuzi huo kwa moyo wote. Chukueni Time ya 2 Januari 1939, iliyomtaja Adolf Hitler kuwa mtu wa mwaka 1938. Anayesikia habari ya uteuzi huo tu hudhani ilikuwa heshima. Mwenye jarida zima anaona mchoro wa mtu mdogo akipiga kinanda kikubwa huku wahanga wakining'inia kwenye gurudumu, kisha anasoma makala inayomweleza kama tishio kubwa kuliko yote kwa nchi zenye demokrasia na uhuru. Picha ya Alfred Eisenstaedt ya baharia akimbusu mwanamke Times Square, New York, iliyochapwa na Life tarehe 27 Agosti 1945, haiko kwenye jalada, iko ndani. Na Drum, jarida la Afrika Kusini, toleo la Machi 1952 lina uzito wake kwa sababu ya uchunguzi wa mwandishi wake Henry Nxumalo kuhusu mateso ya vibarua katika mashamba ya Bethal nchini humo, kazi ambayo haikai kwenye fremu.

Hata matangazo, ambayo ndiyo hukatwa kwanza, yanatakiwa yabaki mahali pake. Tangazo la redio likikaa kando ya habari ya vita linamwonyesha msomaji watu walivyoishi wiki ile, wakinunua na kupanga mambo yao bila kujua mwezi ujao utaleta nini. Hicho ndicho anachopewa mtu anapopewa jarida la wakati wake.

Kuhusu utunzaji, semina yetu ilijaa na maswali hayakuisha. Karatasi ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mti uliosagwa ina lignini, kitu cha asili kilichomo kwenye mti, ambayo kwa mwanga na hewa huigeuza karatasi kuwa ya manjano, na asidi huifanya ikatike. Hatuwezi kurudisha miaka nyuma, ila tunaweza kupunguza kasi. Lazeni majarida ndani ya masanduku yasiyo na asidi, msiyabane wima kwenye rafu. Tumieni mifuko ya plastiki ya poliesta, si ya plastiki ya PVC, kwa kuwa PVC hutoa kemikali zinazoharibu wino na karatasi. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 30 na 50. Ukizidi, pini za mgongoni hushika kutu na kula karatasi. Jarida la kurasa zinazong'aa likilowa, kurasa hushikana, na zikikaukia hivyo mara nyingi hazibanduki tena bila kuchanika. Selotepu msiiguse kabisa. Anayetaka kutundika ukutani atundike nakala ya rangi ya jalada, jarida lenyewe abaki nalo sandukuni.

Tulijadili pia lebo za anwani za waliokuwa wakiletewa majarida kwa posta. Wafanyabiashara huziona kasoro. Mimi nazipenda, kwa kuwa zinathibitisha kwamba nakala ilifika kwa msomaji halisi. Kuzibandua huchubua jalada, kwa hiyo ushauri wetu ni kuziacha.

Jihadharini na nakala zilizochapwa upya. Toleo la kwanza la Life, la 23 Novemba 1936, lenye picha ya bwawa la Fort Peck iliyopigwa na Margaret Bourke-White, limewahi kuchapwa upya kwa ajili ya kumbukumbu. Tazameni maandishi madogo yanayokiri hivyo, weupe wa karatasi usiolingana na umri wake, na pini zisizo na hata doa la uzee. Nakala ya namna hiyo bado ni zawadi njema, mradi mpokeaji aambiwe ukweli.

Mwaka ujao kamati inaomba idhini yenu kwa kazi mbili. Ya kwanza ni jedwali linaloonyesha matukio makubwa na matoleo yaliyoyaripoti kwanza, tukianza na Time, Newsweek, Life na Paris Match. Ya pili ni kadi ya kuambatana na kila zawadi, itakayotaja jina la jarida, tarehe ya jalada, siku ambazo habari zake zinahusu, na kasoro zote za nakala: ukurasa uliopungua, kona iliyokatika, kuponi iliyochanwa. Mifano ya kadi iko kwenye meza ya katibu. Naomba muipitie kabla ya kupiga kura alasiri.

Mwenyekiti