Kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, hesabu alichokuwa akikulipia mwajiri

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika majuzi akiwahimiza vijana wa Mombasa waache ajira na wajitafutie riziki mtandaoni, huku akiwaita waajiriwa watumwa wa mwisho wa mwezi. Mimi ni miongoni mwa waliofanya hivyo. Mwisho wa Januari 2024 niliacha ukarani katika kampuni moja ya kuondoa mizigo bandarini, baada ya miaka tisa, na tangu hapo nimekuwa nikitunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo wa Marekani nikiwa nyumbani kwangu Likoni. Sijutii. Hata hivyo barua ile ilinisikitisha, kwa sababu mwandishi alieleza vizuri kinachoingia mfukoni na hakusema neno kuhusu kinachotoka.

Raha ipo, wala siikani. Anayeishi Likoni na kufanya kazi kisiwani anajua maana ya kuamka alfajiri ili aiwahi feri, na jioni kusimama tena katika msongamano ule ule akiwa na mfuko wa mboga mkononi. Saa hizo zimenirudia, ingawa si zote: mteja wangu wa Texas anapofungua duka saa tatu asubuhi, kwetu huwa saa kumi na moja jioni, na katika majira yao ya baridi huwa saa kumi na mbili, kwa hiyo mazungumzo naye huangukia Magharibi, watoto wakidai chakula.

Kilichonitia adabu ni dola. Siku niliyokabidhi barua ya kujiuzulu, dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160. Nilipiga hesabu ya dola 600 kwa mwezi, nikapata shilingi 96,000, zaidi kidogo ya mshahara wangu, nikaona nimeula. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129. Kazi ni ile ile, mteja ni yule yule na dola ni zile zile 600, lakini mkononi zikawa shilingi 77,400. Wenzangu walifurahia kuimarika kwa shilingi, na walikuwa na haki, maana mafuta tunayanunua kwa dola. Mimi nilikuwa nikitafuta shilingi 18,600 zilizoyeyuka bila mtu yeyote kunikosea. Tangu wakati huo hesabu zangu zote nazipiga kwa kiwango cha chini kuliko cha benki, na kinachozidi nakichukulia kama bahati.

Halafu kuna yale ambayo mwajiri huyalipa kimya kimya. Nikiwa karani nililalamikia makato kama kila mtu, bila kutia maanani kwamba katika NSSF, yaani mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, mwajiri alikuwa akiweka kiasi sawa na changu, asilimia sita kwa asilimia sita, na kwamba siku nikiondoka fungu lake haliniandami. Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, ilhali asiye na mwajiri hukadiriwa uwezo wa kaya yake na kutarajiwa kutoa mchango wa mwaka mzima. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Mimi nikiugua siku mbili, siku mbili hizo hazina malipo. Kodi nayo haikatwi na mtu. Anayejiajiri, ikiwa kodi yake ya mwaka inazidi shilingi 40,000, huilipa kwa awamu, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Awamu yangu ya kwanza niliisahau, mimi ambaye kazi yangu ni kuwakumbusha wengine tarehe zao, na faini niliilipa kwa aibu.

Mteja naye hana notisi. Mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi ana haki ya kupewa notisi ya siku 28, lakini mmoja wa wateja wangu aliniaga kwa mistari miwili. Hiyo ilikuwa baada ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa. Nyaya hizo zinatia nanga hapa hapa Mombasa, lakini ujirani huo haukunisaidia kutuma faili hata moja kwa wakati.

Ombi langu ni kwa wanaoendesha mafunzo ya kazi za mtandaoni, yakiwemo ya mpango wa Ajira Digital ulioanzishwa na serikali mwaka 2016: pamoja na kumfundisha kijana namna ya kupata mteja, mkalisheni na karatasi na kalamu aandike gharama hizi zote mbele ya mapato anayoyatarajia. Akiona bado zinabaki za kula na za akiba, na aende kwa amani.

Mdogo wangu anafanya kazi hotelini Diani na barua yake ya kujiuzulu ameshaiandika. Kazi ya kuhariri video anaifanya usiku, na wateja anao wawili. Nimemsihi aiweke barua hiyo kabatini mpaka mapato ya usiku yamelipa kodi ya nyumba miezi sita mfululizo, dola ikihesabiwa kwa shilingi 120. Amekubali kwa shingo upande, na hadi sasa ametimiza miwili.

Wako,
Mtunza hesabu,
Likoni, Mombasa