Kwa wazazi wenye watoto wadogo hapa Ilomba, Mbeya

Wanangu,

Nimetundika watoto kwenye mizani ya kliniki miaka mingi, na sasa nimestaafu, ni bibi wa barazani. Juzi nilimsikia mmoja wenu akimtania mwenzake: "Wako kibonge, wangu mbavu zinahesabika. Unampa nini?" Mkacheka. Mimi sikucheka, maana watoto hao nawajua. Wanakaa ua mmoja, vyumba vya kupanga vinavyotazamana.

Mama wa kibonge anawahi soko la Mwanjelwa alfajiri kupanga nyanya. Mtoto anabaki na dada wa kazi, geti limefungwa, televisheni imewashwa, biskuti mkononi. Akilia, anapewa mia mbili ya juisi ya pakiti. Simlaumu dada. Nje kuna bajaji na bodaboda, na kile kiwanja walichochezea kaka zenu kimejaa fremu za maduka. Atamkimbiza wapi?

Mama wa yule mwembamba analima Uyole kwa kibarua. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka tisa na chupa ya uji wa sembe, mwepesi kama maji ya kunawa. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, halijazwi asubuhi likasubiri magharibi. Anahitaji mlo mara tatu au nne kwa siku, na kitu cha kutafuna katikati. Huyu anapata mara mbili, siku njema.

Hakuna aliyejipikia kati yao. Mmoja amekosa pa kukimbilia, mwingine amekosa mtu wa kumlisha, nasi tunawaita mmoja mlafi na mwingine mchaguzi wa chakula.

Msiseme ni uhaba wa chakula. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa wanakaribia 57, Njombe wapo 50. Mikoa inayolisha nchi mahindi! Shida haipo ghalani, ipo kati ya ghala na bakuli la mtoto. Mahindi tunayo, ila yai linauzwa, maziwa yanauzwa, parachichi linapakiwa kwenye lori, na kipande cha nyama kinamsubiri baba. (Akina baba, msinikunjie uso. Mume wangu naye nilimwekea firigisi miaka thelathini.) Tena mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene, kwa kuwa kimo chake kimebaki nyuma. Ndiyo maana kliniki wanapima na urefu, wala macho ya jirani hayatoshi.

Sisi mabibi tuna kosa letu. Mtoto akivimba mashavu tunasema "mama yake anamtunza," tunamwongeza sukari kwenye chai. Nimefanya hivyo kwa wajukuu wangu huku nikijua.

Sasa niwaombe. Unga wa uji saga na karanga kidogo, au tia usipa, wale dagaa wa ziwani, waliotwangwa. Wa Kyela wanapatikana sokoni. Mtoto awe na bakuli lake, maana kwenye sinia moja na kaka zake hamuwezi kujua kala nini. Mwenye duka la kona, ndizi mbivu zikae mbele, pipi zirudi nyuma ya kaunta. Kliniki msiikimbie baada ya chanjo ya miezi 18. Kupima uzito kunaendelea hadi miaka mitano, na mstari kwenye kadi ukilala, au ukipanda ghafla, muulizeni muuguzi siku hiyohiyo.

La kucheza ndilo linaloninyima usingizi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne achangamshe mwili saa tatu kwa siku, kwa jumla, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja mbele ya televisheni au simu. Kwa geti lililofungwa haiwezekani. Kiwanja hakitarudi, nimeshakwenda ofisini mara mbili nikaambiwa nisubiri.

Ua wangu ni mpana na una mparachichi wa kivuli. Kuanzia Jumatatu saa tisa mchana lango liko wazi. Waleteni. Ila kila siku mzazi mmoja aje na kigoda chake akae nao, kwa sababu magoti yangu hayakimbizi mtoto tena.

Bibi yenu, nyumba ya mparachichi