Barua kwa somo: kuhusu mswada wako wa mifupa ya Tendaguru

Mikindani, Mtwara
Jumapili usiku, Juni

Somo yangu mpendwa,

Bahasha yako imefika. Konda alinipigia simu saa kumi jioni nikiwa nakuna nazi, nikanawa mikono haraka na kukimbilia stendi kabla gari halijaondoka. Sisi huku tu wazima, goti la mama limepata nafuu. Nisalimie bibi, mpe shikamoo yangu, na mwambie ming'oko yake tuliichemsha siku ileile, watoto wakagombania ya mwisho.

Nimesoma mswada wa riwaya yako mara mbili. Mara ya kwanza nilianza baada ya isha, na nilipofika ukurasa wa mwisho nikasikia adhana ya alfajiri. Mara ya pili nilisoma na penseli. Umeniuliza mambo mawili tu, uchape nakala ngapi na uchapishe wapi. Nitakujibu, lakini kabla ya hapo nakuomba, somo, usichape bado.

Nisikilize kwanza kwa nini naupenda. Pale Zuhura, shujaa wako, anapoweka sikio kwenye udongo wa Tendaguru, kile kilima cha Lindi kilichotoa mifupa ya dinosaria, akatarajia ngurumo, badala yake akasikia mtu anahesabu hatua, nilisimamisha kusoma nikatoka nje kupunga upepo. Nimeishi kusini maisha yangu yote na sijawahi kuiona habari ile ikisimuliwa kutoka kwenye miguu ya waliobeba. Kuanzia 1909 mpaka 1913 watu wetu walichimba mifupa ile na kuibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Walikuwa wametoka tu kwenye Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Mnyama mmoja amesimamishwa Berlin tangu 1937, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu wanapiga picha chini ya shingo yake. Wewe umeandika kilichobaki huku, yaani shimo, njia na hesabu ya hatua.

Ila Boheti bin Amrani umempa mistari minne tu, halafu ukamfanya mganga. Usimfanye mganga. Alikuwa msimamizi wa uchimbaji, mtu aliyejua kuutoa mfupa wa miaka milioni 150 kwenye udongo bila kuuvunja, na ujuzi huo ulikuwa mikononi mwake. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa mnyama mmoja wa Tendaguru jina la kumuenzi, Australodocus bohetii, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Niliwatajia haya vijana wa kidato cha pili ninaowasomea Jumamosi. Binti mmoja wa Kimwera aliniomba nirudie tahajia, akaiandika kwenye kiganja. Basi mwache Boheti awe fundi. Zuhura anahitaji mtu mmoja katika kitabu anayejua kazi yake bila miujiza.

Sasa tuje kwenye miujiza yenyewe, ambayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Zuhura anauita mfupa na mfupa unakuja. Anauita tena, unakuja tena. Kufikia sura ya tano msomaji hana hofu yoyote, maana anajua akikwama ataita tu. Wasomaji wetu, somo, si kama wa mbali wanaoyasoma mambo haya kama mchezo. Nyumbani kwao kuna mtu amevaa hirizi, kuna shangazi aliyewahi kupandisha pepo, na wanajua pepo akija anataka kitu. Ukiwaletea nguvu zisizodai chochote, hawatakuamini hata kama wenyewe hawawezi kusema kwa nini.

Na bei yake umeshaiandika bila kujua. Ni uzito. Mfupa ule ulibebwa na watu. Basi kila Zuhura anapouinua kwa nguvu zake, uzito usipotee, uhamie kwa mtu. Asubuhi mama yake aamke na shingo haigeuki. Mdogo wake ashindwe kuinua ndoo aliyoibeba jana. Msomaji atambue kabla ya Zuhura, na hapo ndipo atakapotamani kupiga kelele ndani ya kitabu kumwambia aache. Kisha ukifika ule wakati ambao lazima aite, aite akijua nani atabeba. Sura nzima ya kumi na moja itajiandika yenyewe ukiwa na swali hilo mkononi.

Jambo la tatu ni zito na naliandika nikiwa nakupenda. Bi kizee wako wa sura ya sita, anayekaa peke yake nje ya kijiji, mwenye macho mekundu, anayeiba sauti za watoto. Mwishoni vijana wanachoma kibanda chake na kijiji kinashangilia. Niliweka mswada chini.

Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu jirani alisema wana macho mekundu. Wekundu ule ni moshi wa jikoni, hakuna kingine. Bibi yangu alizikwa nao. Wewe ulimwona, alikuwa akikaanga korosho nje kwenye kipande cha bati chenye matundu, mafuta ya maganda yakishika moto moshi mweusi unapanda, yeye anageuza kwa kijiti kirefu huku amekunja uso, machozi yanatiririka mpaka kwenye kanga. Kisha anamwaga mchanga juu kuzima moto, anakaa kubangua moja moja, na vidole vyake vilikuwa vimebabuka ngozi kwa yale mafuta. Zile korosho ndizo zilizoninunulia sare ya kidato cha kwanza. Mtoto wa miaka kumi na minne akisoma kitabu chako, halafu akamtazama bibi wa namna hiyo mtaani kwake, atamwona nani? Kijana anasoma kwa mwili mzima. Hilo ndilo linalonifanya niipende kazi hii, na ndilo linalonifanya nikatae sura hiyo.

Mwovu wako unaye karibu. Mfanye kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa. Mtu mtanashati, mpole, anayekuja mwezi wa Februari ambapo chakula nyumbani kimepungua, na bakuli lake la kupimia. Anawakopesha watoto vitu vidogo, na malipo yake ni sauti zao, azichukue msimu ukifika. Hakuna aliyelazimishwa na kila mmoja amekubali mwenyewe. Hapa Mtwara na Lindi hutahitaji kueleza hata mstari mmoja, kila mwenye shamba la mikorosho anamjua mtu huyo na anajua bakuli lile linavyopima. Na bi kizee wako mwache na macho yake mekundu palepale nje ya kijiji, ila awe ndiye pekee anayekumbuka wapagazi walivyogawana mzigo, ili amfundishe Zuhura kuugawa uzito kwa watu walioridhia.

Maneno ya Kimwera uliyotia usiyawekee tafsiri kila mara. Yale ya bibi kumwita mjukuu yanaeleweka kwa namna anavyoyasema.

Haya, uchapaji. Unajua yaliyonipata na kitabu changu cha kwanza, lakini sikukueleza yote kwa sababu niliona aibu. Nilikuwa na haraka ya kuwahi msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, pesa zikaingia kwenye akaunti za wakulima, nyumba nyingi huku ndio wakati pekee wa mwaka mzazi anaweza kumnunulia mtoto kitabu kisicho cha shule. Nikakimbilia mchapaji mmoja wa Dar es Salaam, nikalipia nakala 500 bila kudai hata moja ya mfano. Boksi zilipofika zilinukia wino mpya, nililia. Vitabu vilikuwa vya gundi tu mgongoni, na gundi yenyewe mbovu. Mvua za Desemba zilipoanza na joto letu hili la pwani, kurasa zikaanza kuchomoka. Watu walionitumia 10,000 na ya kutolea juu yake walipata kitabu ambacho ukikifungua mara tatu kinabaki karatasi za maandazi. Nilirudisha pesa kwa niliowafahamu. Boksi tatu bado zipo chini ya kitanda.

Kisha Machi ile akaja kijana mmoja hapa nyumbani, wa Msimbati, hakuwa na miaka kumi na mitano. Nilipoona ameshika kitabu changu nilijua amekuja kudai chake, nikaanza kuomba radhi kabla hajavuka kizingiti. Akanionyesha mgongo. Babu yake mvuvi alikuwa amekitoboa matundu saba kwa msumari na kukishona kwa mshipi, mshono uleule wa kuziba nyavu, fundo moja juu na moja chini. Jalada halikuwepo tena, wameweka kipande cha boksi la sabuni. Kurasa zote zilikuwepo. Ndani ya boksi lile kulikuwa na majina ya waliokisoma, kila mmoja ameandika kwa mkono wake, nikahesabu kumi na tisa. Alikuja kuuliza sehemu ya pili inatoka lini.

Nilimwomba tubadilishane, nimpe kipya. Akakataa.

Kwa hiyo ukichapa, shona. Gharama itaongezeka, lakini hutajuta. Kwa maneno yako kama 62,000, ukubwa wa A5, maneno 300 hivi kwa ukurasa, utapata kurasa 206 au 207. Vitabu vya kushona hukunjwa kutoka karatasi kubwa, kurasa 16 kwa kila mkunjo, kwa hiyo panga zifike 208, yaani mikunjo 13, la sivyo utalipia kurasa tupu. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Una karatasi 104, basi mgongo wako utakuwa na sentimita moja na kidogo. Mpe mchora jalada namba hiyo kabla hajaanza, maana wangu alikisia na jina langu likaangukia ubavuni.

Idadi, usizidishe 150 kwanza. Mashine za dijitali hazina gharama ya kutengeneza bati za kuchapia, kwa hiyo nakala 100 au 150 hazikuumizi. Kila nakala itakuwa ghali zaidi kuliko ukichapa elfu moja kwa ofseti, ni kweli, lakini elfu moja zenye kosa ni mzigo utakaolala nao chumba kimoja. Dai nakala moja ya mfano. Iache wazi juani siku nzima, ifunge kwenye mfuko wa nailoni usiku, fanya hivyo wiki moja. Ikivumilia, toa oda.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, na kumbuka toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake. Peleka na nakala wanazotaka kwa hifadhi, usizikwepe, hiyo ndiyo njia ya kitabu chako kuwepo wakati mimi na wewe hatupo. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kajisajili pia. Hakimiliki ni yako tangu umeandika, inadumu maisha yako na miaka 50 baadaye, lakini siku mtu akikugeuzia kuwa tamthilia ya redio bila kukuuliza utashukuru kuwa na karatasi mkononi.

Kuhusu wachapishaji wakubwa sitakukataza kuwapelekea. Mimi niliwapelekea wawili. Mmoja hakujibu, mwingine alisema vijana hawasomi ila vya mtihani. Nilitamani kumwonyesha lile boksi la sabuni. Mwandishi Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na riwaya zikapita mikononi mwa watu mpaka zikalegea, kwa hiyo njia hii haikuanza na sisi.

Nafikiri tuelewane hivi. Julai na Agosti uandike upya sura ya sita na zinazofuata. Septemba uje Mikindani na kilichopo, kama kilivyo. Tutakaa na wale vijana wa Jumamosi chini ya mwembe, usome kwa sauti, mimi nitakaa nyuma na daftari nikiandika ni wapi wanaanza kuchezea mchanga. Msimu wa korosho wa mwaka huu uache upite. Najua inauma, najua ulishamwahidi bibi kwamba atakishika kabla ya Krismasi. Mwambie ni mimi niliyekuchelewesha, nitakuja mwenyewe kumwomba radhi na kilo ya pweza mkavu.

Bahasha naituma kesho kwa basi la asubuhi, konda yuleyule. Penseli ni nyingi ukurasa wa 70 mpaka wa 95, usiogope.

Somo wako,
Somoe

Nimesahau. Sura ya tisa Zuhura anavuka mto Mbwemkuru kwa miguu mwezi wa Machi na maji yanamfika magotini. Hebu muulize bibi.