Kikao cha Jumamosi kimesogezwa

Habari zenu, wana treni ndogo. Kikao ni Jumamosi saa 10 jioni, si saa 8 tena. Mahali ni palepale.

1. Njoo na majina mawili: modeli iliyotangazwa unayoisubiri, na unayoiota tu. Taja skeli (treni imepunguzwa mara ngapi), 1:87 au 1:160. Safari iliyopita tulibishana nusu saa, kumbe kila mtu na kipimo chake! Mimi bado naililia Garratt, lile garimoshi la mvuke: boila moja katikati, injini mbili zinazojipinda kwenye kona.

2. Reli za upana wa milimita 16.5 ninazo. Nani ataleta transfoma? Yangu inanuka kuungua.

Tafadhali jibu "nakuja" au "siji" kabla ya Alhamisi usiku, nipange viti.