Risala ya wachungaji na viongozi wa vijana kwa Baba Askofu, siku ya kufunga semina, Bagamoyo

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi, wachungaji na wainjilisti, mama wachungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu Waislamu mliotuazima majamvi na masufuria, vijana wote:

Bwana Yesu asifiwe!

Karibu Bagamoyo, Baba. Tumekaa siku tatu chini ya miembe hii, na joto la pwani unalijua. Hatukuja kufundishwa kuhubiri, kuhubiri tunajitahidi. Tulikuja kwa sababu tumechoka, na siku ya kwanza ilipita nzima kabla mmoja wetu hajathubutu kulitamka neno hilo. Alipolitamka, wengi tulishusha pumzi.

Baba, vijana wetu wana saa zao. Wengi ni waendesha bodaboda, wavuvi, wauza samaki na wakaangaji kule ufukweni, mafundi na wanafunzi. Jumapili asubuhi, sisi tukiwa kwenye mapambio, mwenye bodaboda yuko barabarani akiwaleta waumini kanisani, na boti zikiingia, mnada wa samaki haungoji baraka ya mwisho. Miaka yote tumewaita walegevu. Mwenzetu mmoja aliacha kuwalaumu akaanza kwenda mwenyewe kijiweni kila Jumanne jioni. Hakwenda na mahubiri. Alikaa kwenye benchi, akanywa kahawa na kashata, akasikiliza habari za hesabu ya tajiri na pikipiki inayokula oili. Wiki ya tatu kijana mmoja akamvuta pembeni: "Mchungaji, hivi ndoa inafungwa kwa shilingi ngapi?" Kumbe anaishi na mwenzake, wana mtoto, na muda wote huo alikuwa anakwepa kanisa kwa aibu. Alidhani bila ukumbi na sare haozeshwi. Walifunga ndoa baada ya ibada ya asubuhi, tukala wali maharage, basi.

Baba, tungeweza kumhubiria kijana yule mwaka mzima tusijue anachokiogopa.

Na hapa tukiri jambo. Kipaimara kwetu kimegeuka sherehe ya kuagana. Suti, keki, picha, halafu Jumapili inayofuata benchi la mbele ni tupu. Tumekubaliana kwamba kila mtoto wa darasa la kipaimara apewe kazi kabla ya siku ile: kusoma neno, kuhesabu sadaka, kusaidia Shule ya Jumapili, kushika vipaza sauti. Awe pia na mzee mmoja anayelijua jina lake na kwao. (Vyombo vya muziki tusivitegemee sana. Kuna usharika uliochanga miezi mingi ukanunua kinanda. Kinanda kipo, mpigaji amehamia Dar es Salaam.)

Tunajua wapo wanaoona vijana hawajakomaa kwa kazi hizo. Baba, asubuhi ulipita misheni ukauona mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874. Ulibebwa kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia mwaka 1873. Chuma na Susi, watumishi wake waliouongoza msafara huo, tunawataja kila mara. Tunayemsahau ni Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa na misheni huko Nasik, India. Moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti kule Chitambo, ndiye aliyesoma ibada ya maziko. Padri hakuwapo, mchungaji hakuwapo. Yeye alijua kusoma, akasoma. Tuliulizana hapa: angekuwa wa kwetu, si tungemwambia asubiri akue?

Kisha mwinjilisti mmoja akaongeza neno lililotugeuzia mjadala. Alisema mzigo ule ulifika pwani kwa sababu ulikuwa na msafara. Angeachiwa mtu mmoja, angeutua njiani. Nasi, Baba, wengi tunatembea peke yetu. Mchungaji huyohuyo ni fundi seremala Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi ana msiba, Jumapili ana ibada mbili. Kiongozi wa vijana analipia vocha na nauli mfukoni mwake, na akikosa kikao kimoja anaitwa mvivu.

Kwa hiyo tumejigawa wawili wawili. Kila wiki wawili hao watakula pamoja mara moja, na kabla ya kuomba wataulizana: unalala? Nyumbani mna chakula? Kuna deni unalolificha? Swali la deni lilipotajwa, mti mzima ulinyamaza. Wapo waliocheka baadaye, lakini si wakati ule. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akiomba afe, malaika alimwambia ainuke ale, akamwacha akalala tena. Somo la mlima Horebu lilikuja baada ya chakula na usingizi.

Mama wachungaji nao walisema lao. Mmoja alieleza kwamba wagonjwa wote wa mtaa anawajua na amewapelekea uji, lakini alipougua yeye, watu walimpa pole mumewe kanisani wakaenda zao. Hatukuwa na jibu. Tumewaomba msamaha, na wao wamepanga kutembeleana bila kungoja sisi tuwapangie.

Baba Askofu, maombi yetu si mengi. Tunaomba Jumatatu itambuliwe kuwa siku ya mapumziko ya mchungaji, na wazee wa kanisa walisikie hilo kutoka kinywani mwako. Tunaomba uhamisho usimkute mlezi wa vijana katikati ya mwaka wa darasa lake, kwa maana vijana hawa wameshazoeshwa kuachwa na kila mtu mzima wanayempenda.

La mwisho tunalionea haya kidogo. Ukija na barua na ratiba, Baba, tunapika pilau, tunapaka chokaa, na shida zetu tunazifungia stoo. Siku moja njoo bila barua. Kijiwe kiko karibu na stendi, na kahawa huanza baada ya alasiri.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wachungaji na viongozi wa vijana, Bagamoyo.