Anayesema anatukomboa atuambie amelipa nini

Mhariri,

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye harambee ya kanisa moja huku Makadara, nikamsikiliza mheshimiwa akituahidi ukombozi. Alilitamka neno hilo mara saba. Nilihesabu, kwa sababu nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja na mazoea ya darasani hayajaniacha. "Nimekuja kuwakomboa," akasema, akakabidhi bahasha, akaingia garini. Nikirudi nyumbani kwa miguu nikapita lango lililoandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA YA KUKOMBOA. ULIZA NDANI.

Sisi wa Nairobi hatuoni ajabu. Mgeni kutoka Tanzania ndiye husimama akashangaa, maana kwao nyumba hupangishwa. Hapa mtu akisema amekomboa chumba, ana maana kwamba analipa kodi, na mwezi ukiisha atalipa tena. Silaumu matumizi hayo. Angalau mwenye nyumba na mpangaji wote wawili wanajua kwamba neno hilo lina gharama, na wanajua ni ya nani. Mheshimiwa wetu ndiye aliyelisahau jambo hilo.

Mamangu alikuwa fundi wa nguo Gikomba. Mwaka ambao karo ya kaka yangu ilikosekana, aliweka cherehani yake rehani kwa mkopeshaji wa mtaani. Kwa miezi minne alishona kwa mkono, na kila Jumamosi alifunga noti zake kwenye kitambaa akazificha ndani ya kopo la unga. Siku ya kwenda kuikomboa alinichukua nimsaidie kubeba. Mkopeshaji alihesabu pesa mara mbili, akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina la mama, akaandika kando yake: imekombolewa. Mama hakuondoka. Aliketi papo hapo, akalizungusha gurudumu, akachungulia sindano, akagundua kwamba mkanda umetolewa na kuwekwa mwingine uliochakaa. Deni lote alikuwa amelilipa, lakini alichorudishiwa hakikuwa kile alichokiacha.

Hilo ndilo neno lenyewe kabla halijapanda jukwaani. Kukomboa ni kukitoa kitu chako mikononi mwa aliyekishikilia, na hakitoki bure. Watu wa bandari wana ndugu ya neno hili, kugomboa: mzigo umeshafika, jina lako limeandikwa juu ya sanduku, ila hauondoki mpaka ushuru ulipwe. Hata Biblia, katika Mambo ya Walawi sura ya 25, inasema ndugu akifukarika akauza ardhi yake, jamaa yake wa karibu ndiye atakayekuja kuikomboa. Jamaa, Mhariri, mtu wa damu yake, anayetoa mfukoni mwake. Wanaokesha kwenye maombi ya ukombozi kila Ijumaa mtaani kwetu wanaielewa maana hiyo vizuri kuliko wanasiasa wengi, kwa sababu Mkombozi wanayemwimbia alitoa uhai wake.

Nikiwa mtoto nililisikia neno hili kwa mara ya kwanza redioni, habari zikitoka kusini mwa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na wapiganaji wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walikuwa wakisaidiwa kupitia huko. Hapo neno lilivaa gwanda la vita, na lilistahili, kwa maana damu ilimwagika.

Sisi tulizoea zaidi kusema uhuru. Uhuru ni hali, ukombozi ni kazi, na hali inaweza kutangazwa usiku mmoja kazi ikiwa bado. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipanda. Ardhi je? Kuanzia 1962 kulikuwa na mpango wa ekari milioni moja. Fedha zilikopwa Uingereza na Benki ya Dunia, mashamba ya walowezi yakanunuliwa, familia kama 35,000 zikapewa vipande vyao, kisha zikatakiwa kuurudisha mkopo kidogo kidogo. Mjukuu wa mtu aliyefukuzwa shambani akawa analipia shamba. Nikiwaeleza wanafunzi wangu habari hii, sikuwahi kukosa mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, si lilikuwa lao?" Lilikuwa lao. Ndiyo maana kitenzi kinachofaa ni kukomboa, kwa maana ileile ya daftari la mkopeshaji.

Kisha ukaja tunaouita ukombozi wa pili: maandamano ya Saba Saba ya 1990, uwanja wa Kamukunji, kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, mwezi Desemba 1991, vyama vingi vikarudi. Majina ya viongozi wa siku hizo tunayajua, na baadhi yao walikula matunda yake kwa miaka mingi. Mimi nawakumbuka zaidi akina mama. Mwishoni mwa Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park, kwenye kona ambayo leo inaitwa Freedom Corner, wakakataa kula mpaka wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama hao, watu wazima wenye wajukuu, wakavua nguo mbele ya askari wenye umri wa watoto wao. Mtu aliyelelewa katika jamii zetu anajua uzito wa kitendo hicho. Kisha wakahamia kwenye chumba cha chini cha Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache tu kutoka pale, wakakaa humo karibu mwaka mzima, mpaka karibu wana wote wakawa wametoka.

Hakuna aliyewaambia "nimekuja kuwakomboa". Walikwenda wenyewe, jamaa wa karibu kabisa, na malipo yalikuwa miili yao na heshima yao. Kila nikipita Uhuru Highway naangalia upande ule.

Na lipo deni ambalo hata serikali ya watu huru haijalimaliza. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa na wakoloni katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humohumo gerezani. Miaka hamsini baadaye, siku ileile, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya jiji, bunduki mkononi. Mjane wake, Mukami, aliomba mifupa ya mumewe kwa miaka na miaka. Alifariki Mei 2023 bila kukabidhiwa. Sanamu ni nzuri, nimepiga picha nayo na wajukuu zangu, lakini mifupa ya mtu yule bado imewekwa rehani ndani ya ukuta wa gereza letu wenyewe.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi moja kwa waandishi wako. Wakimsikia kiongozi akisema anaikomboa jamii yake, au vijana, au wanawake, au mtaa wetu huu, wamuulize palepale: ni kitu gani chetu kilichoshikiliwa, nani amekishikilia, na wewe umelipa nini? Akiwa na jibu, liandikeni lote hata likijaza ukurasa mzima. Akitoa bahasha tu, andikeni kwamba ametoa mchango.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Makadara, Nairobi