Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: uniti 75 hazitoshi kupikia

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu ya kulitumikia taifa.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, na lengo likawekwa: asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Naliunga mkono kwa moyo wote. Ninakuandikia kwa sababu bei ya umeme, kama ilivyopangwa sasa, inamvuta nyuma mwananchi yuleyule tunayemwambia aache mkaa.

Mteja mdogo wa umeme, aliye kundi la bei liitwalo D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, hapo kodi na tozo bado. Kwa taa, televisheni, feni na kuchaji simu, uniti hizo 75 zinamtosha. Akianza kupikia umeme, hata kwa jiko la presha lisilokula sana, ataongeza uniti moja au mbili kwa siku, na kabla mwezi haujaisha ameshavuka. Maharage kilo moja kwenye jiko hilo hayamalizi uniti. Kwa bei ya D1 hakuna mkaa unaoweza kushindana nayo. Kwa shilingi 350, mama anapiga hesabu upya na kurudi kwenye kopo la mkaa.

Pita Manzese saa kumi na moja jioni uone. Muuza mkaa kapanga makopo yake kwenye kiroba kilichochanwa, na wateja wanafika mmoja mmoja na noti ya elfu moja. Wanajua fika kwamba gunia lina nafuu, ila hela ya gunia haipo. Ipo ya leo. Ndiyo maana mitungi mingi ya gesi iliyogawiwa imekaa uvunguni mitupu. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000, zitoke kwa mkupuo. Umeme wa Luku, yaani wa kulipia kabla, tofauti na gesi, unanunulika hata wa elfu moja.

Mkaa huo una gharama ambayo kopo haliionyeshi. Kwenye tanuri la udongo, magogo hufukiwa yakaungua taratibu bila hewa ya kutosha, na kilo 10 za kuni hutoa kilo moja au mbili tu za mkaa. Zinazobaki hupotea kama moshi, hewa ukaa na methani, ambayo kilo kwa kilo hunasa joto mara nyingi kuliko hewa ukaa. Misitu ya miombo ya Kilosa, Handeni na Rufiji inakatwa ili Dar es Salaam ipike. Na tumeahidi duniani kwamba ifikapo 2030 tutapunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35, tukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila kuchukua hatua. Sioni tutafikaje huko huku jiko la mkaa likiwa bado ndilo rahisi kuliko yote.

Umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, megawati 2,115, na linaendeshwa na maji ya Rufiji. Ni haki umeme huo ufike hadi kwenye sufuria.

Kwa hiyo naomba Wizara yako ikae na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, ukomo wa D1 upandishwe kutoka uniti 75 hadi 150 kwa kaya zinazopikia umeme. Najua TANESCO, shirika letu la umeme, lazima ijiendeshe. Fidia itoke kwenye fedha zinazotengwa kununulia mitungi ya ruzuku. Naomba pia laini za mitaa yenye msongamano ziimarishwe, maana umeme ukipungua nguvu saa moja usiku wali hauivi, na aliyelala njaa siku moja hatauza jiko lake la mkaa.

Na unapowasilisha bajeti bungeni, pamoja na idadi ya mitungi iliyogawiwa, tutajie magunia ya mkaa yaliyoingia Dar es Salaam mwaka huo na mwaka uliotangulia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam